Karata Nilizozianika Mlangoni

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilitandika mkeka mbele ya mlango, nikaanika juu yake karata za kupigia ramli. Hapa Alunguli hata mtoto anayenyonya anajua kwamba kitu kikipangwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, kinauzwa. Ndivyo tunavyouza mawese, majani ya muhogo tunayoyaita sombe, na chumvi. Hakuna anayeandika kibao. Mkeka wenyewe njo kibao. Mimi, mwenye diplome yangu ya sekondari, nilidhani watu wataona tu karata zilizolowa.

Na zilikuwa zimelowa kweli. Mfanyabiashara mmoja aliniletea kutoka Goma, nikalazimika kuvuka mto Lualaba kwenda kuzichukua ng'ambo, mtaa wa Kasuku. Kwangu mimi kuvuka mto ni safari ya kuagana na watu. Wakati wa kurudi mvua ilitukuta ndani ya mtumbwi. Nilikinga kichwa kwanza, karata baadaye. Ndiyo maana kichwa kilibaki kikavu, mpaka ndani.

Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa pikipiki. Alizima injini, akainama juu ya mkeka.

"Papa, hii picha ya mbwa njo inaponya nini?"

"Haiponye kitu. Niko naanika."

"Eeh. Na hii ya meli? Ya kupata viza?"

Nilimfukuza. Akaenda akicheka, na bila shaka akasimulia kila alipopita.

Niseme ukweli, karata zenyewe si za kale. Ni nakala za bei ya chini za karata za kale. Mashine imezichapa juzi, kisha ikazipaka rangi ya chai pembeni ili zionekane zimechakazwa na vidole vya mabibi wa Ulaya wasiokuwa na kazi. Uzee wa kupaka, kama wa mwigizaji wa shule. Ninazo za Wafaransa, za Waitaliano, za Wajerumani, zimejaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na zote zinasema uwongo uleule, zimebadilisha nguo tu.

Basi ninazikusanyia nini? Miaka ya vita baba yangu, mfanyakazi wa reli, alipanda treni kwenda kusini. Nyuma yake njia ikafungwa, treni ikasimama, na yeye hakurudi. Kasuku kulikuwa na mama mmoja aliyewatazamia watu kwa karata; alidai kwamba karata hizo aliachiwa na bibi wa Kibelgiji. Mama yangu alimlipa kwa chumvi, wakati ambapo nyumbani chumvi tuliilamba kwa zamu. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Iko mu njia."

Njia gani hiyo! Mtu anayetembea miaka yote ile bila kusimama angekuwa ameizunguka dunia na kutuingilia kwa mlango wa nyuma. Lakini mama aliamini. Ndugu za baba walipokuja kusema tukae matanga, aliwatoa nje: mtu aliye njiani halililiwi. Aliendelea kumwekea baba chakula, na sisi tuliendelea kukitazama kikipoa. Alikufa akimngoja. Tukawalilia wote wawili kwa matanga yaleyale, kama watu wanaobana matumizi.

Miaka mingi baadaye niliona kwenye simu nakala ya karata zilezile. Nikaagiza ili nizitazame usoni, hao mashahidi wa uwongo. Nikaagiza nyingine, na nyingine. Sina la kujitetea. Kuna watu wanakusanya sahani.

Mchana wa siku ile ya mkeka, nikiwa kitini kivulini, alikuja jirani yangu, mama wa nyumba ya nyuma, kuku mkononi. Mume wake alikuwa akichimba madini upande wa Kabambare. Tangu mvua zianze hakuna aliyesikia habari zake, na simu za wenzake hazikupatikana. Mtaa mzima ulijua swali lililokuwa linamnyima usingizi: aende kumtafuta, ao angoje?

"Papa, nitazamie. Bwana yangu iko muzima?"

"Mama, hizi ni makaratasi tu."

"Najua. Tazama."

"Mashine njo iliyachapa. Mashine haijue bwana yako."

Akainama mwenyewe, akageuza karata moja. Picha ya sanduku la maiti. Akaninyoshea kuku.

Nikasikia maneno ya yule mama wa Kasuku yanapanda kooni mwangu, matamu kama sukari: iko mu njia. Ningeyasema, angetabasamu, na kuku angekuwa wangu. Nikayameza, na kwa hasira nikamwambia hivi:

"Hiyo karata inaweza kutokea kwa muntu yeyote. Unataka kujua? Panda pikipiki, uende kule, uulize. Ukingoja hapa utazeeka. Mama yangu alingoja, hakuna aliyekuja."

"Weye unayeogopa kuvuka hata mpaka soko ya Kasuku, njo unanituma Kabambare?"

Akaondoka na kuku wake. Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki pamoja na shemeji yake.

Alirudi na koti la mumewe. Shimo lilikuwa limeporomoka kwa mvua. Wachimbaji wenzake walikuwa wamemzika palepale, wakamwonyesha kaburi. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba karata zangu ziliona. Ziliona nini! Hata mvua ya mtumbwini hazikuiona.

Ila moyoni nilivimba kidogo. Nilijiambia: angalau huyu hatangoja kama mama. Matanga yalipowekwa, nikabeba viti vya plastiki kichwani kama majirani wengine, nikamwekea kimoja kando ya mkeka aliokalia na wanawake wenzake. Nikasimama pale, nangoja shukrani. Alikitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi.

"Papa, ukweli wako ulikuwa ukweli. Lakini ile siku nilikuja kuuliza juu ya bwana yangu, weye ulikuwa umeikala mu kiti, na mie uliniacha nimesimama mu jua. Rudisha kiti yako."