Gari Lililomkataa Silvanus

Silvanus ni fundi wa kuchomelea mageti pale Mwakingali, mjini Voi, na ni mrefu. Urefu wake ni ule wa kuinama akiingia kanisani, na kulala miguu ikichungulia nje ya blanketi.

Wazimu wa gari ulimwanza mchana mmoja wa jua kali, lori lililotoka bandarini lilipoharibika mbele ya karakana yake. Lilikuwa limebeba gari moja la spoti, jekundu, limejibana chini kama paka anayenyemelea kuku. Dereva alipokuwa akihangaika na injini, Silvanus alipanda juu bila kuombwa, akachomoa futi mfukoni na kuanza kupima. Lori lilipotengenea na kushika njia ya Nairobi, yeye alibaki amesimama kando ya barabara, futi mkononi.

"Nitajenga langu," alimwambia mkewe jioni hiyo.

"Lako nini, Baba Wakio?"

"Gari la spoti."

Jedidah alimgusa paji la uso kuona kama ana malaria. Yeye hununua kabichi na nyanya Wundanyi na kuziteremsha hadi soko la Voi kwa pikapu yake mwenyewe, na kwake gari lisilobeba hata gunia moja lilikuwa jeneza lenye magurudumu. Akaliita hivyo tangu siku ile: jeneza.

Silvanus hakujali. Alilichora gari zima kwa chaki kwenye sementi ya uani, ukubwa wake kamili, na kila mgeni akawa anaonywa asikanyage taa. Injini ilitoka kwenye Toyota ndogo iliyogongwa, fremu ikatoka kwenye mabomba yale yale ya mageti. Bodi aliigonga kwa nyundo ya mpira juu ya mfuko wa mchanga, bati baada ya bati, mpaka mabati yakaota mabega. Mwalimu Immaculate alikuja kuulizia geti lake akalikuta limegeuka milango ya gari.

"Lakini limependeza, au siyo mwalimu?" Silvanus alimwuliza, kwa moyo mweupe kabisa.

Mwalimu alikubali limependeza, ila akataka kujua ng'ombe wa jirani watazuiwa na nini.

Shida ilikuwa paa. Kila Silvanus aliporudi nyuma na kulitazama gari, aliona liko juu mno. "Hivi litafanana na matatu," alisema, akakata, akalishusha. Kesho yake akalishusha tena. Jirani yake Kasyoki, anayeziba pancha ng'ambo ya barabara, alimwuliza kama amejaribu kukaa ndani.

"Viti bado," alijibu Silvanus. "Viti ni mwisho."

Basi viti vikaingia, rangi ya manjano ikapigwa, na Jumamosi moja mtaa wote ukajaa uani. Silvanus alivaa shati la kanisani. Aliingiza mguu wa kulia, goti likakwama kwenye usukani. Akautoa, akaanza na kichwa. Kichwa kikaingia, mabega yakagoma. Akajaribu kinyumenyume. Mwisho aliingia kweli, lakini shingo ilikuwa imepinda, kidevu kiko juu ya goti, na mguu mmoja umebaki nje.

"Funga mlango!" walipiga kelele watu.

"Nifungie mguu wangu?" ilisikika sauti kutoka ndani.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ilibidi Kasyoki na wenzake wamvute kwa kwapa. "Sasa kata paa tu, bwana," Kasyoki alimshauri akijifuta machozi.

"Silikati," Silvanus alisema. Alijaribu kucheka pia, lakini aligeuka akaanza kufuta vumbi mlangoni, na Jedidah akamwona.

Jedidah ni mfupi. Alijifunga leso vizuri, akampa mtu mkoba wake, akaketi kitini kana kwamba alipimiwa. Mlango ukafungika *klap*.

"Ufunguo uko wapi, Baba Wakio?"

Injini iliunguruma, mbuzi wa jirani wakakata kamba, na jeneza likatoka getini. Lilifika kwenye tuta ambalo wakazi walijitengenezea wenyewe, likakwama tumbo. Vijana wakalinyanyua wakalivusha, na hapo mbele barabara ya vumbi ilikuwa wazi. Jedidah alikanyaga mafuta.

Silvanus alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara Jedidah alipogeuza na kurudi. Aliliona likija, manjano, limelala chini, vumbi jekundu likiinuka nyuma yake, mstari wa paa ukipita sawasawa vile alivyouchora. Ndipo ikamjia kwamba angekuwa ndani, asingeuona.

Jedidah alisimama, akatoa kichwa dirishani. Uso ulimng'aa kama msichana. "Kona linashika, haki ya Mungu! Pikapu ni punda."

"Mama Wakio."

"Eeh?"

"Hebu pita tena. Usipunguze pale kwa Kasyoki."

Akapita tena. Akaendelea kupita mpaka mafuta yakaisha, na mumewe akalisukuma gari hadi nyumbani, mgongo umeinama, akiimba.