Kihori cha Bibi Kinataka Sifa

Jamani, Jumamosi hii nilikwenda harusini Boko, nikarudi na moyo mzito kama niliyetoka kuzika. Mlangoni mwa ukumbi waliweka kihori, ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Kimepakwa vanishi mpaka kinang'aa, kimejazwa barafu na chupa za soda. Nilikitambua kwa kiraka cha mninga ubavuni. Kilikuwa cha Bibi yangu.

Sie tumekulia hukohuko Boko, enzi ambazo ukitoka uani unakanyaga mchanga, halafu mikoko, halafu maji. Bibi alikuwa anavuna chumvi kwenye mashamba ya ng'ambo ya mkono wa bahari, anavuka mwenyewe kwa kafi, kanga kaifunga kiunoni. Masika ikiingia kazi inasimama, maana mvua na chumvi hawapatani. Hapo ndipo vihori vinalazwa. Siku hiyo uani raha tupu: wali wa nazi unanukia jikoni, sie watoto tunasugua magamba ya chaza kwa kumbi la nazi, tunakiosha kihori kwa maji ya kisima, nyufa tunaziba kwa pamba. Kisha kinafudikizwa juu ya magogo ya mnazi, pua yake ikitazama majini. "Kikiamka kisiulize njia," Bibi alikuwa akisema. Na ole wako useme kihori kimekufa kwa msimu huu! "Hakijafa. Kimelazwa."

Mwaka wa kwanza niliporuhusiwa kusaidia aliniambia, "Kihori kinataka sifa. Kaanze, nakuja." We! Mie nikajua ni sifa hizihizi za watu. Nikasimama mbele ya kihori, mikono nyuma kama niko shuleni: "Kihori we mzuri! Kihori una mbio! Umevishinda vihori vyote vya Boko!" Bibi akatoka na kopo mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe sifa aliyoisema ni mafuta ya papa, yale mazito ya kupaka vyombo, yanayonuka mpaka paka wa mtaa mzima wanakusanyika. "Hebu endelea," akasema huku anafuta machozi. "Na hizo hazikidhuru." Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida yetu. Yeye anapaka, mie nasifia, na asiporidhika ananiambia niongeze.

Nilipofika darasa la saba eneo likauzwa, ukuta ukapanda kati yetu na maji. Ikabidi tuhamie kwa mjomba, Tabata, na Bibi akakataa katakata kuondoka bila kihori chake. Kikapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikafudikizwa nyuma ya choo, pua ikitazama upande wa Boko. Kila masika alikipaka. Majirani wakalalamikia harufu, mjomba naye akawa anamtania, "Mama, hapa Tabata kitaelea wapi, kwenye mtaro?"

"Kilicholazwa kitaamka," Bibi anamjibu. "Wewe hukuwa unalala ukaamka?"

Hakuwa mjinga Bibi yangu. Alijua chumvi basi tena. Alichotaka ni kuvuka mara moja tu, ashike kafi, ayasikie maji chini yake, arudi. Na sie wote tulikuwa tunamwambia, "Tutakupeleka, Bibi, mvua zikiisha." Mvua zikaisha, zikaja nyingine, zikaisha.

Halafu masika moja, msimu uleule wa kupaka, akalazwa yeye, hospitali. Nilimwamkia shikamoo, hata marahaba hakuitikia, aliniuliza tu, "Kihori mmekipa sifa?"

Mjomba akadakia, "Tumekipaka, Mama. Kimelala."

Kumbe alikwisha kukiuza. Mie nilishahama pale, sikujua. Nikamshika mkono Bibi nikaanza kumsomea yale yetu, kihori we mzuri, kihori una mbio. Akatabasamu. "Ongeza," akasema. Nikaongeza mpaka akasinzia, na hakuamka. Msibani watu walimsifia sana, nyumba nzima ikanukia udi, na mie nilikuwa naitafuta harufu ya papa.

Mjomba simlaumu sana, yeye aliona mbao tu. Kinachoniuma ni kwamba Boko si mbali. Asubuhi moja ingetosha. Tulikuwa na miguu, tulikuwa na nguvu, tulikuwa naye, tukawa tunasubiri mvua ziishe.

Jumamosi niliinama nikakinusa. Vanishi tupu. Barafu imeyeyuka, kihori kimejaa maji ndani, na pua yake inatazama maegesho ya magari.

"Sista, nikupe soda gani?" mhudumu akaniuliza.

Nikamwomba tukigeuze kidogo tu, pua itazame baharini. Akacheka, akajua natania, akanifungulia ya chungwa.