Asubuhi Tuliyokwenda Kusawazisha Bunduki Mnyuzi

Mimi ni askari wa wanyamapori wilayani Handeni. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda na simba na tembo, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa nguruwe pori. Kule Kwaluguru huingia mashambani usiku, mahindi yakishaanza kubeba. Kundi moja likipita, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelala chini kama yamepitiwa na trekta.

Msimu mmoja tuliletewa darubini ya joto, ya kufunga juu ya bunduki. Darubini hiyo haijali mwanga wala rangi, inaona joto tu. Mnyama anatokea mweupe, nyasi na udongo vinabaki vyeusi, hata giza liwe nene namna gani. Mkuu wangu alinikabidhi mimi, mwanamke pekee katika kikosi chetu, kwa sababu nilikuwa nalenga shabaha vizuri. Nikaifunga mwenyewe kwa kufuata karatasi ya maelekezo, kisha tukaenda kuijaribu mbele ya wenzangu na wazee watatu wa kijiji.

Risasi ya kwanza ilienda kushoto. Nikarekebisha. Ya pili ikaenda kulia, chini kabisa. Ya tano sikujua hata ilikoangukia. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Labda dada mkono umechoka." Wakacheka. Nikairudisha bunduki ofisini, nikaenda nyumbani.

Mama yangu ndiye aliyenikumbusha fundi mmoja wa Mnyuzi, kule Korogwe, mzee wa Kishambaa aliyewahi kumtengenezea cherehani. Zamani alikuwa jeshini, kazi yake silaha. Mkuu wangu alikubali nimpelekee bunduki, akaandika barua, akanipa gari la ofisi na dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini hicho ulichobeba si cherehani."

Alisoma barua mara mbili, ndipo akaniruhusu kufungua sanduku. Alihakikisha bunduki haina risasi, akanipa nami nihakikishe. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akaanza kufungua skrubu moja moja na kuzipanga kwa mfuatano. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, natazama vidole vyake kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nani aliifunga?"

"Mimi, mzee."

"Ulikaza vizuri. Tatizo si mkono wako."

Akaniita karibu. Skrubu moja ya mbele, ya kushikilia kitako cha darubini, ilikuwa ndefu kuliko tundu lake. Ilikuwa inagota chini kabla haijabana. Ukiishika unaona imekaza, kumbe kila risasi ikitoka darubini inacheza kidogo. Akaipunguza ncha kwa tupa, akaijaribu, akaipunguza tena. Halafu akafuta mafuta yote kwenye matundu kwa kitambaa kilicholowa petroli. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana, nami nilitaka kulia. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mkono wangu umechoka kweli.

Jioni ile bunduki tuliilaza kituo cha polisi, na mimi nililala kwa mzee. Alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi, tuliichukua tukaenda kwenye korongo lililo pembeni ya shamba la zamani la mkonge. Mwishoni mwa korongo kuna ukuta mrefu wa udongo wa kuzuia risasi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewatangazia majirani wasipite huko asubuhi hiyo. Mke wa mzee alikuwa ametutatulia shida ambayo mimi sikuifikiria: duara jeusi lililochorwa kwenye ubao halionekani kwa darubini ya joto. Alichukua kopo dogo la maziwa, akalijaza majivu ya moto, akatukabidhi tuligongomee katikati ya ubao.

"Litakaa na moto hadi mmalize," alisema. "Mkichelewa, shauri yenu."

Dereva aliusimamisha ubao mbele ya ukuta. Darubini ilikuwa bado mkononi mwa mzee, haijafungwa. "Siwezi kufunga kitu ambacho sijui kinaona nini," alisema, akaiweka jichoni. Mara akacheka. Aliona kuku wa jirani, wadogo weupe kama pamba. Akaona mbuzi. Akageuka polepole kufuata korongo, na mimi nikamwacha afurahi. Bunduki ilikuwa chini kwenye gunia, tupu.

"Yule naye ni mbuzi?" akauliza. "Amelala vibaya."

Nikaichukua darubini. Chini ya ukuta wa udongo, mkono wa kulia wa shabaha yetu, kulikuwa na weupe mrefu ndani ya nyasi. Haukuwa weupe mkali kama wa mbuzi. Nilipotazama kwa macho sikuona chochote zaidi ya nyasi. Nikatazama tena kwa darubini, na safari hii nikaona mkono ukisogea.

"Ni mtu, mzee."

Dereva akabaki na bunduki, sisi tukakimbia. Alikuwa mzee wa kifugaji, shuka lake limelowa umande, mguu mmoja umevunjika chini ya goti. Baadaye alitueleza kwamba alikuwa ametoka jana yake kumtafuta ng'ombe wake mtamba aliyepotea, akateleza ukingoni akaanguka. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Tulipofika alikuwa anafungua mdomo tu, hakuna kinachotoka. Nikamnywesha maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa.

Hatukuwa na machela. Mzee fundi akarudi kwenye shabaha, akaling'oa kopo la majivu kwa teke, akaja na ubao. Tulimlaza juu yake, dereva akaja kusaidia baada ya kufungia bunduki sandukuni, tukambeba watatu hadi kwenye gari. Njia nzima mpaka hospitali ya Korogwe nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini nao ulinishika.

Bunduki tuliisawazisha kesho yake. Risasi ya kwanza ilipiga vidole vinne chini ya kopo. Nikarekebisha, nikavuta pumzi. Tatu zilizofuata zilitoboa mahali ambapo ningeweza kupafunika kwa kiganja. Mzee alikwenda kuzitazama, akarudi taratibu na mikono nyuma.

"Nenda kalinde mahindi ya watu," alisema.

Nilipomuuliza nimpe nini, alikasirika kabisa. Mke wake alinifungashia viazi vitamu.

Msimu ule Kwaluguru walivuna. Hawakuvuna kila shamba, lakini mama mmoja mjane ambaye miaka miwili mfululizo hakuokota kitu, aliniita nikaone ghala lake limejaa, akanishika mabega akaniombea dua ndefu nikiwa nimesimama juani na kofia mkononi. Mwenzangu yule aliyenicheka alikuja kuniomba nimfundishe kuifunga darubini. Nilimfundisha, nikaanzia kwenye skrubu.

Miezi ilipita, siku moja yule mfugaji akaja ofisini Handeni akiwa na binti yake, anatembea kwa fimbo. Walikuwa wameleta maziwa kwenye kibuyu. Aliniambia mtamba alirudi nyumbani mwenyewe, siku ileile. Tulicheka sana kwa hilo.

Ndipo nikakumbuka kwamba darubini ile hurekodi, na kwamba mzee fundi, bila kujua, alikuwa amebonyeza kitufe asubuhi ile. Nilikuwa nimehamishia picha hizo kwenye simu yangu. Nikamwonyesha: kuku, mbuzi, korongo, kisha ule weupe chini ya ukuta.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

Akaisogeza simu karibu na macho. Binti yake aliinama naye wakaitazama simu pamoja.

"Mimi nilidhani nimeshapoa," alisema. "Usiku ule nilijisikia nimeshapoa mwili mzima. Kumbe moto ulikuwepo."

Akaniomba nirudishe picha mwanzo. Nikairudisha. Binti akamimina maziwa kwenye vikombe vya ofisi, tukanywa, na tukaitazama tena.