Kiatu Mlangoni

Mama anayepanga madaraja ya filamu ofisini kwetu haanzi kutazama filamu ya kutisha kabla hajavua kiatu kimoja na kukibana mlangoni, usije ukajifunga. Kisha hukaa, mguu mmoja peku, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa meza. Damu ikimwagika hupiga miayo. Sauti zote zikinyamaza ndipo hutupia jicho kile kiatu, nami ninayeketi kando yake hugeuka kukitazama pia. Jana, kiatu kikiwa tayari mlangoni, msambazaji wa filamu alikuja na bango lililokwisha kuchapishwa: “Kama una moyo mwepesi, usithubutu!”

“Mama, nigongee alama nyekundu, ya watu wazima tu,” alibembeleza. “Ukinipa ya njano, filamu itadoda.”

“Nyekundu ni onyo, mwanangu. Wewe unaigeuza tangazo.”

“Kwani si maigizo tu?”

“Umeitazama?”

Akacheka, macho darini. “Vipande vipande.”

Mama aliinuka. Alimvutia kiti katikati yetu, akazima taa, akaiwasha filamu. Halafu akaenda mlangoni, akaokota kiatu chake, akakivaa taratibu. Mlango ukajifunga. Jina la filamu lilikuwa bado halijatokea, na msambazaji alikuwa ameshanishika mkono. Sikuutoa.