Chupa Niliyoisuuza

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Niliishia darasa la pili, lakini kosa langu nalijua kuliko mnavyoyajua yenu.

Miaka ya sitini tulikaa karibu na Sori, kando ya ziwa, mume wangu akivua samaki. Mwaka mmoja alikohoa tangu kupanda hadi kuvuna, akakonda mpaka shati likamkaa kama limeanikwa. Mama mkwe hakukitazama kifua. Alinitazama mimi.

"Nyar Rongo," aliniita, yaani binti wa Rongo, "ulipanda mtama kabla yangu. Hiyo ni chira, na inamla mwanangu."

Chira ni laana ya kukondesha, huiingia nyumba iliyovunja mwiko, na kwetu mke hapandi kabla ya mama mkwe. Mimi sikupanda kabla yake, na alijua.

Hospitalini nilipewa chupa ndogo, mume wangu ateme makohozi ndani. Ilinuka dawa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kwao kikinuka, basi nikaisuuza kwa maji ya mtungi, akatema, nikaipeleka nikijiona mwanamke safi.

Tulingoja wiki nyingi. Ndipo bwana wa maabara akaja na Landrova, meno yote nje.

"Mama, si kifua kikuu. Tumeotesha mdudu wa ukoo huo, ila huyu ni wa manjano na anakua upesi. Hayumo vitabuni mwetu. Huenda ni mpya kabisa!"

"Umeleta hongera?" nikamwuliza. "Nani amejifungua? Mzee wangu anatema damu, wewe unachekelea mdudu. Na sindano za kumtibu ziko wapi?"

"Bila kifua kikuu, sindano hakuna."

Mama mkwe akapiga makofi mlangoni. "Mmesikia? Hata serikali imekataa! Nyar Rongo, kusanya sufuria zako uende kwenu."

Yule bwana akauliza makohozi niliyachukuaje.

"Chupa niliisuuza vizuri. Sisi si wachafu."

Tabasamu likafifia. "Kwa maji gani?"

Nikamwonyesha mtungi. Akachota maji katika chupa moja, akamtemesha mume wangu katika nyingine, kavu. Akasema ukoo huo una ndugu wengi, na wengine hukaa majini tu bila kumdhuru mtu. Huenda wa mtungi walijaa chupani wakamficha muuaji.

Majibu yaliporudi, ikawa hivyo. Wa manjano alikuwa wa mtungini. Kifuani mlikuwa na kifua kikuu, na sindano zikaanza. Mume wangu aliishi, lakini pafu moja lilikuwa limeliwa tulipokuwa tukingoja, na kasia hakulishika tena. Hilo ni langu. Simgawii mtu.

Siku ya sindano ya tatu mama mkwe aliingia na mzigo wa majani ya kuondoa chira. Nikawaita wote uani, naye akiwemo.

"Majani hayo yatoke sasa hivi. Atakayemnywesha mzee kitu ambacho hakikutoka hospitali atanijibu mimi, hata awe amemzaa. Na chupa yao ikiingia humu, maji yasiiguse. Iende kavu."