Nilifuta sauti ya mama wa watu nikipiga Windows kwenye laptop ya zamani

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, Nachingwea mjini, kibanda changu kipo jirani na stendi. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo hai. Nilichokifanya mimi sijakibadilisha hata kidogo, ingawa kuna sehemu naona aibu kuiandika.

Twende.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, dereva wa gari za Ruangwa aliniletea laptop iliyofungwa kwenye khanga. Ilikuwa ya Mwalimu Veronika. Anafundisha shule ya msingi kule Malolo, wilaya ya Ruangwa. Nilishamtengenezea simu mara mbili, kwa hiyo ananijua na ananiamini.

Laptop yenyewe ya zamani, zile nene. Herufi A na E zimefutika kwenye kibodi. RAM giga nne, hard disk ya kuzunguka, giga mia tano. Ukiwasha inafika kwenye nembo, inatoa skrini ya bluu, inajizima, inaanza upya. Hivyo hivyo mpaka uichomoe.

Nikampigia.

"Mwalimu, hii inataka kupigwa Windows upya. Kuna vitu vya muhimu humu ndani?"

"Vipo fundi, kuna..."

Simu ikakata.

Wakuu, nilisikia "vipo". Nilisikia vizuri kabisa. Lakini sikupiga tena. Nilikuwa na simu tano za watu mezani, na nikajiambia mwalimu atakuwa na mitihani na maandalio ya somo tu, vitu ambavyo lazima anavyo kwenye karatasi. Mtu mwingine asilaumiwe kwa yaliyofuata.

Nikachomeka flash, nikaboot, nikafika pale inapouliza uweke Windows wapi. Disk ilikuwa na C na D. Nikafuta zote mbili, nikatengeneza moja mpya, nikaendelea. Mafundi wengi ndio mazoea yetu, tunaita kusafisha kabisa.

Ilipofika asilimia arobaini na kitu ikagoma. Ikasema haiwezi kusakinisha mafaili inayoyahitaji.

Nikahamisha flash kwenye tundu la upande wa pili. Nika-format, nikaanza tena. Safari hii ikagomea sitini na kitu.

Nikahisi flash ni mbovu. Nikaandaa flash nyingine, mpya. Ikagomea asilimia kumi na mbili.

Hapa niongee na wale wanaojifunza ufundi. Ukiona inagoma sehemu moja ile ile kila mara, shuku flash au hard disk. Ukiona inagoma leo hapa, kesho pale, fungua uangalie RAM. Mimi hilo nalijua siku nyingi, ila siku ile nilikuwa na haraka na hasira. Nikarudia mara ya nne bila kufikiri, ikagoma tena. Kila nikirudia, kumbe naandika juu ya vitu vya watu.

Kesho yake asubuhi ndipo nikaifungua. RAM zilikuwa mbili, giga mbili mbili. Nikazisafisha meno kwa ufutio wa penseli, nikajaribu moja moja. Moja ilikuwa mbovu. Nikaiweka pembeni, nikarudisha nzima, nikaboot. Kila kitu kikatulia. Nikawa nimebakiza kubonyeza tu ili ianze kusakinisha.

Simu ikaita. Mwalimu Veronika, yupo Ruangwa mjini.

"Fundi, samahani, jana simu ilikata. Nilitaka kukuambia kuna folder nimeiandika Mama. Ipo kwenye D. Hiyo usiiguse kabisa, hata kama laptop yenyewe haitapona."

"Ina nini mwalimu?"

"Sauti ya mama."

Akanieleza. Mama yake ni Mmakua, walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, mama akiwa binti mdogo. Hajui kusoma wala kuandika. Kwa miaka miwili, kila likizo, Mwalimu alikuwa anakaa naye anamrekodi kwa simu akisimulia maisha yake kwa Kimakua, halafu anahamishia kwenye laptop. Simu ile ilishaibiwa. Na mwezi wa kwanza mwaka huu mama alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno hayatoki tena.

"Kwa hiyo zimebaki hizo tu, fundi."

Nikamwambia, "Nitaangalia mwalimu." Nikazima laptop, nikakaa.

Pale kibandani nipo na jamaa yangu Mudi, anauza makava na chaja. Alisikia yote. Akaniambia, "Mwambie hard disk ilikufa. Laptop ya zamani vile, nani atakuuliza?"

Na kweli wakuu, hakuna ambaye angeniuliza. Mwalimu angelia, angesema ni mipango ya Mungu, na angeendelea kuniletea simu zake. Nililifikiria jambo hilo siku nzima. Sitaki mnione mtu safi. Nililifikiria sana.

Kilichonizuia ni kwamba ningetakiwa kumpa pole. Nilijiona nikimwambia "pole sana mwalimu" kwa kitu nilichokifanya mimi, nikashindwa.

Jumamosi asubuhi nikachomoa ile hard disk, nikaenda nayo kwa dada mmoja mwenye studio ya picha, ana kompyuta nzuri na disk ya nje kubwa. Nikamweleza ukweli. Hakunicheka. Akaniachia kiti chake.

Tukaweka programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Sheria ni moja: disk iliyofutwa unaisoma tu, huiandikii kitu, na unachookoa unakiweka kwenye disk nyingine. Ikaanza kusoma, taratibu kama konokono. Saa tano umeme ukakatika. Ulivyorudi tukaanza mwanzo. Mpaka alasiri ikawa imemaliza.

Niseme kitu kimoja. Kama ile RAM isingekuwa mbovu, Windows ingeingia mpaka mwisho siku ya kwanza, na ingeendelea kujiandikia humo. Kule kugoma nilikokuwa nakutukana ndiko kulikobakisha kilichobaki.

Mafaili ya sauti yakarudi bila majina, yana namba tu. Nilifungua moja. Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya chini, inasimulia taratibu, na kwa mbali jogoo anawika. Sielewi Kimakua, mimi ni Mmwera. Lakini nilisikiliza mpaka mwisho.

Nzima zilikuwa kumi na tisa. Nne zilikatika katikati. Nilipompigia Mwalimu nikauliza kwa mbali zilikuwa ngapi, akasema ameziandika kwenye daftari, ishirini na sita. Nikamwambia Jumatatu nakuja mwenyewe.

Nilipanda gari ya asubuhi mpaka Ruangwa, nikachukua bodaboda hadi Malolo. Watu walikuwa wanapiga ufuta, uani kwao Mwalimu kulikuwa na miganda imesimamishwa inakauka. Bibi, mama yake Mwalimu, alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, mto mgongoni, mkono wa kulia umelazwa mapajani. Nikamwamkia. Akainamisha kichwa.

Sikutaka kukaa kabla sijasema.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema fundi."

"Zile sauti nilizifuta mimi. Laptop haikuzifuta. Siku ile ulisema vipo, nikasikia, simu ikakata, sikukupigia tena. Nimerudisha kumi na tisa nzima. Nne zimekatika. Tatu sijazipata."

Alikuwa ameshika daftari, akalifungua, akalifunga.

"Tatu zipi?"

"Sijui. Sielewi lugha. Ndiyo maana nimekuja."

Akavuta meza. "Basi tuzisikilize."

Tulisikiliza moja moja kwenye simu yangu, nilikozihamishia, yeye anaweka alama kwenye daftari. Sauti ya kwanza ilipotoka, Bibi aligeuka kutazama mlangoni, kama kuna mtu kapiga hodi. Halafu akaitazama simu yangu. Halafu akajua ni yeye. Mkono wa kushoto ukapanda mpaka mdomoni ukabaki hapo. Ilipoisha aliigonga meza kwa kidole. Mwalimu akasema, "Anataka irudiwe." Tukairudia.

Tulienda hivyo mpaka mchana. Kuna moja aliisikiliza anatikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Mwalimu naye akacheka huku anafuta macho. Nilikaa pale kama mgeni msibani.

Mwishoni Mwalimu alihesabu alama zake. Mbili kati ya tatu zilizopotea alisema anazikumbuka, atazisimulia mwenyewe. Ya tatu aliiwekea kidole asikiondoe.

"Hii ni ya Paulino," akasema.

Paulino alikuwa mdogo wake Bibi. Walipovuka Ruvuma alikuwa mtoto wa kubebwa, Bibi ndiye aliyembeba mgongoni. Baada ya kuvuka walitembea siku mbili, mtoto akafia njiani, upande huu wa Tanzania. Wenyeji wa kijiji kimoja waliwapokea, wakatoa nguo ya kumvisha, wakamzika karibu na kisima chao. Asubuhi familia ikaendelea na safari. Bibi alisimulia habari hiyo mara moja tu maisha yake yote, na akataja jina la kijiji. Mwalimu alipanga mwezi wa kumi na mbili mwaka huu waende na wajukuu wakasali pale, wawashukuru watu wale. Kikaja kiharusi.

Jina la kijiji hakuliandika. Alijua limo kwenye laptop.

Mwalimu akamgeukia mama yake, akaongea naye Kimakua. Nilisikia jina Paulino, nikaelewa anamweleza kilichopotea na aliyekipoteza. Bibi alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu wakuu, mpaka nikainamisha macho.

Kisha akajaribu kulitaja.

Alivuta pumzi, mdomo ukapinda, ikatoka "Na...". Ikaishia hapo. Akajaribu tena, "Na...", mishipa ya shingo imesimama. Mwalimu akapiga magoti, akaweka sikio karibu. Akawa anamtajia vijiji, kimoja kimoja, na Bibi anatikisa kichwa, hapana, hapana. Mnajua huku kwetu, nusu ya majina yanaanza hivyo. Alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia apumzike.

Alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda.

"Fundi, ungesema hard disk imekufa ningekuamini."

"Najua mwalimu."

"Kukusamehe sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuambia." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanirudisha ndani, nikala ugali wa muhogo na kisamvu kwenye nyumba ile ile, nimekaa mbele ya Bibi. Chakula kigumu kuliko vyote nilivyowahi kula.

Laptop ilipona, ina RAM moja nzima na disk nyingine. Ile ya zamani nimemrudishia Mwalimu na nimemwambia asiiguse mtu, pengine siku moja atapatikana mwenye vifaa na ujuzi kunizidi. Sauti zote sasa zipo sehemu tatu.

Tangu siku ile ananipigia mara moja moja. Kila Jumapili wakitoka kanisani wanakaa na Bibi, wanamsomea majina ya vijiji. Jumapili moja aliitikia kwa kichwa. Iliyofuata akaitikia jina jingine. Hawana uhakika. Ila sasa anaweza kusema "maji", na juzi alimwita Mwalimu kwa jina.

Nilichojifunza? Mafundi wenzangu, simu ikikata, piga tena. Usimpangie mteja kipi cha muhimu na kipi si cha muhimu. Toa nakala kwanza, hata kama mwenye mali amesema futa. Na ukiharibu, sema, tena nenda ukaseme uso kwa uso. Haitakufanya ujisikie vizuri. Mimi mpaka leo sijisikii vizuri. Lakini yule mama asingejaribu kulitaja lile jina kama ningesema disk imekufa, kwa sababu tusingekaa pale kusikiliza na kuhesabu kilichopotea.

Nyie wenye vitu vya wazazi wenu kwenye laptop moja, leo leo hamisheni.

Wenye utaalamu wa kurudisha mafaili karibuni mnikosoe, hata kwa ukali. Na wenye asili ya Masasi, Nanyumbu, Newala na kote kule karibu na Ruvuma, naomba muwaulize wazee wenu: kijiji kinachoanza na "Na", siku mbili kwa miguu kutoka mtoni, kilichopokea watu wa Msumbiji wakati wa vita na kuzika mtoto wao karibu na kisima. Jina la Paulino sijalibadilisha, Mwalimu ameniruhusu niliache lilivyo.

Andikeni hata kama hamna uhakika. Kila jina mtakaloweka hapa nitalinakili na kulipeleka Malolo, asomewe Bibi.