Pakanga Haikusubiri Makaburi

Tabibu Zhai Yongqin alikuwa na jibu moja kwa kila mgonjwa: umegombana na majira. Ukija unakohoa, anakuuliza wakati wa baridi ulikuwa unalala saa ngapi. Ukija na tumbo, anakuuliza nani kakupa tikiti maji wakati majani yameshaanza kuanguka. Mwili na mbingu ni kitu kimoja, anasema, vidole vitatu viko kwenye mshipa wa mkono wako. Kijiji kizima kule mlimani kilimwamini, maana watu walikuwa wanapona kweli.

Dawa yake kubwa ilikuwa pakanga. Inatibu macho na ngozi vikigeuka manjano, ila lazima uichume ikiwa changa, laini kama manyoya ya kifaranga. Ikishakua ni kuni tu. Ilikuwa inaota kwenye mteremko wa makaburi, na ukoo wa Zhai ulikuwa na utaratibu wake: siku ya kusafisha makaburi unawasalimia wazee kwanza, unawamwagia pombe, ndipo unachuma.

Mwaka ule baridi iliisha mapema mno. Mkewe, Mama Suyun, aliyemkaushia dawa miaka thelathini, akamwambia mbayuwayu wamerudi na maua ya mipichi yameshadondoka.

"Baba Suyun, panda leo."

"Bado siku kumi na mbili."

"Pakanga haijui kusoma kalenda."

Akamcheka, eti leo tabibu anafundishwa kazi. Wazee hawajasalimiwa, hachumi kitu.

Siku ilipofika akapanda, akafagia makaburi, akamwaga pombe, akageuka na kikapu chake. Pakanga ilikuwa inamfika magotini, mashina yamekakamaa. Akarudi mikono mitupu. Mtungini zilikuwa zimebaki konzi mbili za mwaka jana, na mwezi wa nne zikamwishia muuza tofu aliyekuja na macho ya manjano. Yeye akapona.

Mwezi wa tano Mama Suyun akaanza kukisukuma kando chakula. Asubuhi moja yuko uani anawatupia kuku mtama, akainua uso, na Zhai akayaona macho yake kwenye jua. Manjano. Siku hiyo alimshika mshipa mara tatu. Alikuwa anatafuta mshipa wa kiangazi, ule unaopanda juu kwa nguvu. Akakuta wa baridi, umezama chini kama jiwe.

Kununua wapi? Duka la dawa la mjini lenyewe lilikuwa linanunua pakanga kwake. Alijaribu dawa nyingine, hazikufua dafu. Akapanda hadi kileleni, kule theluji inakochelewa kuyeyuka, asipate chipukizi hata moja. Mwishoni akakata ncha za yale mashina magumu, akazichemsha.

Mama Suyun alionja, akamtazama.

"Unanipikia kuni."

"Kunywa tu."

"Nakunywa. Ila usije ukawaambia watu nimegombana na majira."



Walimzika kwenye mteremko uleule kabla mtama haujavunwa.

Tangu hapo, barafu ikianza tu kupasuka mtoni, Zhai anapanda kila siku kuangalia ardhi, na pakanga ikichomoza anachuma papo hapo. Wazee wa ukoo wanamlaumu kwamba anachuma kabla ya kuwasalimia marehemu. Anawaambia yupo marehemu mmoja ambaye yeye ameshamsalimia, anaendelea kuchuma.

Mitungi yake imejaa. Ukienda kwake na kikohozi siku hizi, hakuulizi ulilala saa ngapi. Anakushika mshipa, anakupimia dawa, basi.